Ubao Mkubwa kwa Jina Refu

Somo la wiki: Isaya 8:1–4

Jumapili iliyopita tuliwapokea washirika wapya 11. Mnajua kwamba tangu Januari lile daftari kubwa la jalada jeusi limepumzika kabatini, na orodha ya washirika inakaa kwenye simu, ndani ya programu ambayo vijana wetu walijitolea kuitengeneza. Humo mna matangazo, ratiba ya jumuiya, ahadi za ujenzi na majina yetu sote. Basi nikasimama mbele ya madhabahu, simu mkononi, nikaita jina la kwanza, la pili, la tatu, na kila aliyeitwa akapiga hatua mbele. Jina la saba likakatika. Kioo kilinipa herufi chache za mwanzo, kisha nukta tatu. Nikasoma nilichokiona, nikakwama. Kanisa zima likawa kimya. Aliyekuwa akiitwa ni mama mtu mzima, aliyevuka kuja huku kwetu kutoka Burundi miaka mingi iliyopita. Alingoja kidogo, akaona sauti yangu hairudi, akalimalizia jina lake mwenyewe, polepole, bila lawama, akapiga hatua mbele.

Usiku ule usingizi ulinijia kwa shida.

Sitaliandika jina lake hapa. Nichukue jina jingine la namna hiyo hiyo, ambalo watu wengi wanalo Burundi na Rwanda, na ambalo sisi wa Kigoma tunalisikia bila mkalimani kwa kuwa Kiha na Kirundi wamenyonya ziwa moja: Ntakirutimana. Nta ni hakuna. Kiruta ni kinachozidi. Imana ni Mungu. Hakuna kinachomzidi Mungu. Ni jina la mtu, na papo hapo ni ungamo zima la imani, lenye herufi 13. Sasa lipe jina hilo nafasi ya herufi nane tu kwenye kioo cha simu. Utasoma "Ntakirut…". Hakuna kinachozidi, halafu nukta tatu. Kilichokatwa ni Mungu.

Hesabuni na mengine. Hakizimana, Mungu ndiye aokoaye. Bizimana, Mungu ndiye ajuaye. Ndikumana, niko pamoja na Mungu. Wazazi wa kule mara nyingi humweka Mungu mwishoni mwa jina la mtoto, na programu nyingi za simu zimeagizwa kukata mwishoni.

Jumatatu nilimwita kijana anayeongoza kazi ile. Nilimwita kujifunza, wala si kumkaripia, kwa maana ametupa muda wake wa usiku bila malipo. Akakaa nami barazani akanieleza kwa subira. Kila maandishi unayoyaona ndani ya programu, akasema, yamekaa kwenye kisanduku kisichoonekana, na kisanduku hicho wenyewe wanakiita lebo. Mtengenezaji anaweza kukipangia vipimo kwa namba: upana kadhaa, kimo kadhaa. Akishafanya hivyo, kisanduku kitabaki vile vile, liingie jina fupi au refu. Kwenye iPhone lebo huzaliwa na maagizo mawili tayari: kaa katika mstari mmoja, na maandishi yakizidi, kata mwisho uweke nukta. Mtu asipoyabadilisha, ndivyo itakavyokuwa kwa kila jina litakalopita.

"Ulipokuwa unaijaribu," nikamwuliza, "uliandika jina la nani?"

"La kwangu, Mchungaji."

Jina lake lina herufi nne. Lilikaa vizuri, nafasi ikabaki, akaridhika, akaendelea na kazi nyingine. Wapendwa, sikuwa na neno la kumjibu. Ni mara ngapi mimi mwenyewe nimepanga ibada kwa kipimo cha miguu yangu isiyouma, mikutano kwa kipimo cha saa zangu, michango kwa kipimo cha mfuko wangu? Mtu hujipima mwenyewe, anaona pameenea, anadhani pamewaenea wote.

Ndipo nikarudi kwenye Isaya sura ya nane. Bwana anamwambia nabii achukue ubao mkubwa, na juu yake aandike kwa kalamu ya kawaida jina la mtoto ambaye bado hata mimba yake haijatungwa: Maher-shalal-hash-bazi. Hujulikana kuwa jina refu kuliko yote katika Biblia. Nimelisoma somo hili tangu nikiwa chuoni, na siku zote macho yangu yalikimbilia jina, nikauruka ubao. Safari hii niliuona. Agizo la ubao mkubwa linatangulia. Isaya haambiwi atafute kibao chochote kilicho karibu, kisha ahangaike kulibana jina liingie humo. Aliyelijua jina kabla ya mtoto kuzaliwa alijua pia linahitaji nafasi kiasi gani, na akaanza kwa kuagiza nafasi.

Tena jina lile halikuwa pambo. Ilikuwa yapata mwaka 734 kabla ya Kristo. Dameski na Samaria zilikuwa zimeungana dhidi ya Yerusalemu, na moyo wa mfalme Ahazi ulikuwa unatetemeka. Jina lina maneno manne ya Kiebrania: haraka, nyara, hima, mateka. Maana yake ni kwamba kabla mtoto hajajua kuita baba wala mama, utajiri wa Dameski na nyara za Samaria zitachukuliwa na mfalme wa Ashuru. Na ikawa hivyo. Dameski ilianguka mwaka 732, Samaria ikafuata miaka kumi baadaye. Sasa fikirini ubao ungekuwa mdogo, na wapita njia wa Yerusalemu wakasoma "Maher…" peke yake. Haraka. Haraka ya nini? Nani anakuja, anamchukua nani? Neno lililotumwa kuwatuliza watu lingewaongezea hofu. Ndiyo maana, naamini, paliwekwa na mashahidi wawili waaminifu, Uria kuhani na Zekaria mwana wa Yeberekia, waone kwamba lililoandikwa ni lote.

Yuko fundi mmoja hapa mjini ambaye ametutengenezea misalaba ya makaburi kwa miaka mingi. Nilipita kwake Jumanne kwa sababu nyingine, nikamsimulia. Akaacha randa yake, akaniambia habari ambayo hakuwahi kuniambia. Alipoanza kazi alikuwa akikata kwanza mbao za kukingama, zote kwa urefu mmoja, anazirundika, halafu anaandika jina la marehemu msiba ukifika. Mnaifahamu misalaba ya namna hiyo, imejaa makaburini kwetu: herufi za mwanzo nene, zimenyooka, zina nafasi, zinapokaribia ukingo zinaanza kukonda, zinabanana, na ile ya mwisho imeandikwa ndogo kabisa, imepandishwa juu kama ya kuazima. Siku moja mjane alisimama mbele ya msalaba kama huo. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono tu, akagusa zile herufi tatu za mwisho zilizobanwa. Tangu siku ile, fundi akaniambia, hakati ubao kabla hajaandikiwa jina kwenye karatasi. Anahesabu herufi, anapiga mistari kwa penseli, ndipo anashika msumeno.

Nilimpelekea kijana wetu habari hiyo. Akatabasamu, akasema hata wao wana njia hiyo, ila hakuitumia. Kwenye Android mtengenezaji anaweza kuandika agizo la kuiambia lebo ienee yaliyomo, isizidi wala isipungue. Hapo kisanduku hupimwa baada ya jina kufika. Kwenye iPhone, mahali pa kutaja idadi ya mistari, anaandika sifuri. Sifuri ile nimeipenda sana. Haimaanishi kwamba hakuna mstari. Inamaanisha kwamba hakuna kikomo, jina literemke kadiri linavyohitaji.

Ipo njia nyingine inayowavutia wengi, nayo ni kuzipunguza herufi zenyewe mpaka jina zima liingie kwenye kisanduku kile kile. Simu zinaweza kuifanya zenyewe. Kwenye Android ilikuja na toleo la 8 mwaka 2017, na kwenye iPhone ipo siku nyingi. Mahali pengine inafaa, kama kwenye saa au kichwa cha habari cha maneno mawili. Kwa orodha ya watu wetu mimi nimeikataa. Wazee wetu wamekwenda kwenye mipangilio ya simu zao wakakuza maandishi, wengine wamekuziwa na wajukuu, kwa sababu macho yamechoka. Android ya mwaka 2023 inaruhusu maandishi kukua hadi asilimia 200, na iPhone tangu mwaka 2013 imewapa watengenezaji namna ya kuzifuata herufi jinsi mwenye simu alivyozitaka. Mzee ameomba herufi kubwa. Sisi tunamrudishia ndogo ili kisanduku chetu kisisumbuke. Kisanduku kimepona, macho ya mzee hayajapona.

Lakini jambo lililonichoma kuliko yote lilikuwa bado. Nilimwuliza kijana kwa nini jina lilibanwa wakati kioo cha simu yangu ni kipana. Akanifungulia ukurasa ule. Kushoto jina. Kulia, katika mstari huo huo, kiasi cha ahadi ya ujenzi.

Akanieleza kwamba lebo mbili zikikaa mstari mmoja na nafasi isipotosha, simu inauliza ni ipi ipishe. Tangu mwaka 2012, Apple ilipoleta kwenye iPhone mpangilio wake mpya wa kioo, kila lebo ina nguvu mbili zinazopimwa kuanzia 1 hadi 1,000. Moja ni nguvu ya kuyakumbatia yaliyomo, ili isipwaye. Ya pili ni nguvu ya kukataa kubanwa. Kwa kawaida ya kwanza huanza na 250, ya pili na 750, na mimi naona waliopanga hivyo walipima vyema: kupwaya kunavumilika, kubanwa kunaumiza. Tena kupwaya nako kuna madhara yake. Mnamkumbuka Daudi alipovikwa silaha za Sauli akashindwa hata kutembea, akazivua. Lebo kubwa mno inasukuma vingine nje ya kioo. Ila zikigombana mbili, mtengenezaji ndiye anayeamua kwa namba ni ipi itakayoshinda.

Na sisi tuliamuaje? Kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilikuwa imeomba kwamba tarakimu za fedha zisikatwe kamwe, kwa sababu shilingi 1,500,000 ikikatwa inaweza kusomeka vingine. Ombi halali. Kijana akaipa lebo ya fedha nguvu kubwa ya kukataa kubanwa, na akaitengea upana wa mamilioni. Mama yule alikuwa mgeni. Hajaahidi chochote bado. Kando ya jina lake palikuwa na sifuri moja, na nyuma ya sifuri ile nafasi pana, tupu, inayongoja fedha. Jina la mtu likabanwa kuipisha nafasi tupu ya fedha.

Nimelisema hili mbele ya kamati Alhamisi, na nalisema kwenu leo kwa sababu lilikuwa ombi langu, na saini ni yangu.

Baada ya hapo tukabadilisha namba. Jina lisibanwe na kitu chochote. Fedha iteremke mstari wa chini yake. Tukajaribu tena. Jina refu likateremka mstari wa pili kama tulivyotaka, lakini mstari ule wa pili ukaonekana nusu, kama mtu aliyezama maji hadi kifuani. Kijana akacheka kidogo, akagundua. Watengenezaji husema kisanduku cha nje ni mzazi na vilivyomo ndani ni watoto. Lebo, mtoto, ilikuwa imeruhusiwa kukua. Safu yake, mzazi, ilikuwa bado na kimo kilichopangwa kwa namba tangu siku ya kwanza. Mtoto akakua, mzazi akakataa kupanuka, na kilichozidi kikafunikwa.

Hapa niliwakumbuka vijana wengi. Tunawaambia wakue katika Bwana, washike nafasi, waseme. Kisha agenda yao ni ya mwisho katika kikao, saa moja jioni, watu wameshashika funguo. Isaya huyo huyo, katika sura ya 54, analiambia taifa lipanue mahali pa hema lake, lirefushe kamba na kuviimarisha vigingi. Hasemi juu ya wanaoingia hemani tu. Hema lenyewe linyooshwe.

Niseme pia juu ya lugha yetu, maana haya hayaishii kwenye majina. Programu nyingi tunazotumia zilipimwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo Kiswahili kikamiminwa ndani. Kiswahili si kirefu kila mahali. Tuma, Futa na Ingia hukaa popote. Lakini yale uliyoyaweka akiba ili uyasome baadaye, ambayo Kiingereza huyaandika kwa herufi tano, kwetu huwa Yaliyohifadhiwa, herufi 15 bila pa kupumulia. Na kitenzi chetu hubeba mambo mazito mkiani. Umetumia na umetumiwa vinatembea pamoja hadi herufi ya saba, kisha vinaachana, na tofauti yao ni fedha imetoka kwako au imeingia kwako. Kijana huyu aliniwekea kwenye kioo cha majaribio "Umetumi… 50,000". Nikabaki nimeitazama. Mama anayeuza dagaa pale mwaloni akisoma hivyo, atajuaje kama anunue au afunge biashara? Hata jina la mpokeaji, ambalo sisi sote huliangalia kabla ya kuweka namba ya siri, likikatwa linaweza kumfanya mtu ampelekee mgeni ada ya mwanawe.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaoandika programu, na mko wengi kuliko ninavyojua, nawaomba kama baba: msijaribu kazi zenu kwa majina yenu mafupi. Chukueni jina refu kuliko yote mnayoyajua, likuzeni mara mbili, lifungueni kwenye simu ndogo ya bei nafuu iliyopasuka kioo. Likikaa hapo, litakaa popote. Na ninyi mnaokaa kamati kama mimi, mnapoagiza, ulizeni ni nini kitakachobanwa ili agizo lenu litimie.

Kijana wetu alifanya hivyo. Aliniomba ufunguo wa kabati, akatoa daftari la jalada jeusi, akaketi sakafuni kutafuta majina marefu ya kujaribia. Baada ya muda akaniita nione. Karani aliyekuwepo kabla yangu, ambaye wengi wenu mlimzika, alikuwa na mwandiko wa wino wa buluu uliolala kidogo upande wa kulia. Kila alipofika na jina ukingoni mwa safu na jina halijaisha, aliweka kistari kidogo, akateremka, akaendelea mstari wa pili kwa herufi za ukubwa ule ule. Ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna jina alilolikata. Kuna mahali mistari miwili imeliwa na jina moja, na safu za chini zote zimesogezwa kwa rula kulipisha.

Jana alasiri nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Alinikaribisha kwenye mkeka chini ya mwembe, nikamwomba radhi kwa yaliyotokea Jumapili. Akasema, "Mchungaji, huko nilikopita niliitwa namba ya kadi miaka mingi. Wewe angalau ulifika katikati." Nikamfungulia simu. Yeye si msomaji wa haraka. Aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akakisogeza taratibu, silabi kwa silabi, hadi mwisho wa mstari wa juu, akakiteremsha, akaendelea mpaka kwenye Imana. Akakiacha kidole pale.

Kisha akauliza kama jina la mjukuu wake nalo limeenea, yule wa darasa la nne anayeimba na watoto, kwa sababu lake ni refu kuliko la bibi yake. Tukalitafuta pamoja.